Huduma Ikikabidhiwa, Hasara Abebe Nani?



Katika ziara zetu kwenye parokia za Bukoba na Muleba, swali moja limekuwa likijitokeza kila tunapofika kwenye agenda ya huduma za jamii. Wajumbe huuliza: kama Serikali inapata hasara katika kuendesha huduma fulani, kwa nini isiwape watu binafsi au mashirika ya dini waiendeshe? Swali hili linazihusu kamati zenu moja kwa moja. Siku halmashauri inapotafuta mshirika wa kuendesha zahanati au mradi wa maji, barua huja kwa Baba Paroko na kwa mwenyekiti wa kamati. Na fedha zikipungua baadaye, barua nyingine huandikwa kwa wafadhili. Tumeona ni vema somo la toleo hili liwe juu ya jambo hilo, tukianza na mabasi na meli ambazo kila mtu anazifahamu, ndipo tufike kwenye hospitali zetu wenyewe.

Hasara za aina mbili

Neno hasara hutumika kwa mambo mawili yasiyofanana. Kuna hasara inayotokana na uendeshaji mbovu: mafuta yanaibwa, tiketi haziandikwi, vipuri vinanunuliwa kwa bei ya juu, watumishi wanne wanafanya kazi ya mmoja. Hii anaweza kuipunguza mwendeshaji mwingine aliye makini, na hapa ndipo hoja ya kukabidhi huduma ina nguvu. Sisi hatuna sababu ya kuipinga.

Hasara ya pili ni ile inayobaki hata kama mwendeshaji ni mwaminifu kuliko wote. Inatokana na kumhudumia mtu ambaye hawezi kulipa gharama kamili, au anayekaa mahali ambako wateja ni wachache. Mama mjamzito wa kisiwani hawezi kulipia boti peke yake. Mwanafunzi hawezi kulipa nauli ya mtu mzima. Hasara hii haiondoki kwa kubadilisha mwendeshaji. Itahamia kwenye mfuko mwingine, na kama mkataba haukutaja mfuko huo, utapatikana tu wenyewe, na mara nyingi huwa ni mfuko wa yule asiye na sauti.

Nchi yetu imekwisha kupita katika shule hii. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, lilizidiwa na idadi ya watu na ubovu wa magari, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, ambayo wananchi waliyaita daladala. Mabasi yaliongezeka, hilo halina ubishi. Katika reli, mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya hisa za Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, Serikali ikabaki na 49, kwa mkataba wa miaka 25. Safari za abiria zilipungua na wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara. Kufikia mwaka 2011 Serikali ilikuwa imezirudisha hisa hizo mikononi mwake. Wazee wetu waliozoea kushuka melini Mwanza na kupanda treni kwenda Dar es Salaam wanakumbuka vizuri kipindi hicho.

Kwa nini konda humkwepa mwanafunzi

Watu wengi humlaumu konda kwa ukatili. Anamwona mtoto mwenye sare kituoni, anafunga mlango, gari linaondoka. Tunaomba wajumbe watazame hesabu yake kabla ya kumhukumu.

Usafiri wa abiria sasa unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA. Mamlaka hutoa leseni na kupanga nauli ya juu. Katika nauli za daladala zilizotangazwa Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilipangiwa shilingi 600 kwa mtu mzima na shilingi 200 kwa mwanafunzi. Kuwapunguzia wanafunzi ni uamuzi mzuri wa nchi. Lakini zile shilingi 400 zinazobaki hazilipwi na wizara, wala halmashauri, wala mamlaka. Zinatoka kwenye hesabu ambayo dereva anatakiwa kuipeleka kwa tajiri jioni. Gari likijaza wanafunzi kumi, shilingi 4,000 zimepungua kabla ya kununua mafuta. Basi mtoto anaachwa kituoni, trafiki anaitwa, konda anatozwa faini, na kesho yake mambo ni yale yale.

Hapa Serikali ilikabidhi mabasi kwa watu binafsi, ikabaki na haki ya kuwapunguzia watoto, lakini hakuna aliyeandikiwa kubeba tofauti. Anaibeba mtoto, kwa miguu yake na kwa vipindi vya asubuhi anavyokosa.

Upande wetu wa Kagera hali ina sura nyingine pia. Barabara ya lami ya Bukoba hadi Muleba na kuendelea Biharamulo ina magari ya kutosha, na ushindani umewafanya wenye mabasi wawe na adabu zaidi kuliko zamani. Ukiacha lami na kupanda vilimani, gari huja siku ya gulio. Siku nyingine ni bodaboda, na wakati wa masika hata bodaboda huuliza kwanza kama tope limekauka. Hakuna mwenye gari aliyekosea. Leseni haimlazimishi mtu kwenda mahali pasipo na abiria, na hakuna anayemlipa ili aende.

Ziwani

Habari za MV Bukoba hazihitaji kuelezwa upya katika mkoa huu. Ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Meli ile ilikuwa ya Shirika la Reli, yaani ya umma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Nacho kilikuwa cha Serikali, chini ya TEMESA. Vyote viwili vilihusishwa na kupakia kupita kiasi. Tunayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani huduma ikibaki mikononi mwa umma basi inakuwa salama yenyewe. Haiwi hivyo. Anayepata fedha kwa kila kichwa kinachopanda ana kishawishi cha kupakia, awe ni mtumishi wa Serikali au ni mwenye boti.

Baada ya ajali ya 1996, MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961, ndiyo iliyoendelea kubeba mzigo wa njia ya Bukoba na Kemondo kwenda Mwanza chini ya Kampuni ya Huduma za Meli, hadi ilipositisha safari mwaka 2014 kwa uchakavu. Ilirudi majini Agosti 2020 baada ya ukarabati uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 20 za Serikali. Kwa miaka hiyo katikati, wenye mikungu ya ndizi Kemondo walilipa gharama za malori, na abiria wakalala kwenye mabasi.

Sasa limekuja jambo jipya. Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Basi la Bukoba kwenda Mwanza halingojei tena kivuko. Ni baraka kubwa kwa wagonjwa, kwa wafanyabiashara na kwa wanafunzi wa vyuo. Lakini meli itashindana na basi lililofupishiwa njia, na mtu wa mahesabu anaweza kusema siku moja kwamba meli haina faida tena. Kabla ya kukubaliana naye, wajumbe wa kamati waulize nani bado anaitegemea meli: mzee asiyeweza kukaa kitini saa nyingi, mama mwenye mizigo mingi, mkulima wa ndizi asiyemudu lori.

Na kwenye visiwa vya Muleba, Bumbire, Kerebe, Goziba, Ikuza na Mazinga, hakuna daraja litakalofika. Huko watu husafiri kwa mitumbwi ya injini ya watu binafsi, inayofuata samaki na dagaa kwanza, abiria baadaye.

Mkataba tunaoujua sisi

Tumekwisha kusema mengi juu ya mabasi na meli za wengine. Makanisa yenyewe yamekuwa yakipokea huduma yenye hasara kutoka Serikalini kwa zaidi ya miaka 40, nayo ni hospitali.

Wilaya nyingi hazikuwa na hospitali ya Serikali, ila zilikuwa na ya misheni. Badala ya kujenga nyingine, Serikali iliiteua ile ya Kanisa iwe Hospitali Teule ya Wilaya. Muleba ni Rubya, ya Jimbo Katoliki la Bukoba. Karagwe kwa miaka mingi ilikuwa ni Nyakahanga, ya KKKT Dayosisi ya Karagwe. Katika Muleba hiyo hiyo zipo pia Ndolage ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Magharibi na Kagondo ya Kanisa Katoliki, zinazohudumia umma bila kuwa teule. Februari 1992 Serikali na Makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, walitiliana saini makubaliano ya kushirikiana, na ndipo ilipoundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC.

Kwa msomaji aliye mbali tueleze utaratibu wenyewe. Kanisa linatoa majengo, uongozi na jina. Serikali inalipa mishahara ya watumishi wanaokubaliwa katika ikama, inatoa ruzuku ya uendeshaji, na dawa hupitia Bohari ya Dawa. Hospitali nayo inafuata sera ya taifa: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi fulani hutibiwa bila malipo.

Kwa maoni yetu huu ni ukabidhi uliofanyika vizuri kuliko ule wa mabasi, kwa sababu kuna karatasi inayosema nani atoe nini. Mwananchi wa Muleba amepata hospitali ya wilaya miaka mingi kabla Serikali haijaweza kujenga. Watumishi wamelipwa. Mama aliyefika usiku na uchungu hakuulizwa dini yake.

Udhaifu umo katika ile orodha ya wanaotibiwa bure. Mjamzito ni sawa na mwanafunzi wa daladala, ila hospitali haiwezi kumfungia mlango. Ruzuku ikifika robo mwaka nzima imechelewa, au ikafika pungufu, mganga mfawidhi ana njia chache. Anaweza kukopa kwa muuza dawa. Anaweza kuchelewesha mishahara ya wale walioajiriwa na Kanisa, ambao hawamo katika orodha ya Serikali. Anaweza kupandisha bei ya vipimo kwa wagonjwa wanaolipa, nao wakahamia kwingine. Au anaweza kumwendea Baba Askofu, Baba Askofu akaandika Ulaya. Tumeona hospitali na zahanati zikipita njia zote nne katika mwaka mmoja.

Tunawaomba wafadhili wasisikie vibaya tukiuliza: fedha iliyotolewa kwa ajili ya jengo la watoto ikaishia kununua dripu ambazo ruzuku ilipaswa kununua, imemsaidia nani? Imemsaidia mgonjwa, bila shaka, na hatungependa isingekuwepo. Lakini pia imeziba pengo kimya kimya, na mwaka unaofuata bajeti ya halmashauri imeandikwa kana kwamba pengo halikuwahi kuwepo. Masista wanaofunga vitabu vya hesabu wanalijua jambo hili kuliko wachumi. Ndiyo maana siku hizi tunapendekeza kwamba kila mchango unaotumika kufidia huduma ya bure uandikwe katika mstari wake, "deni la Serikali lililolipwa na wafadhili", na nakala ipelekwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Hatudai kwamba fedha itarudi, ila itaonekana.

Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikijenga hospitali mpya za halmashauri nchini kote. Hatuna budi kulifurahia jambo hilo. Kwa hospitali za Kanisa, hata hivyo, linaleta swali gumu: halmashauri ikiwa na hospitali yake, mkataba wa hospitali teule utaendelea kwa sura gani, na watumishi walioazimwa watabaki au wataitwa? Nayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inajibu sehemu ya tatizo, maana imekusudia kuwe na mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Uongozi wa hospitali usisubiri kuambiwa. Mazungumzo na halmashauri yaanze mkataba ukiwa bado hai.

Waingereza walifanyaje

Kwa kuwa baadhi ya wafadhili wetu wako Ulaya, wataufahamu mfano huu. Oktoba 1986 Uingereza iliruhusu kampuni za mabasi nje ya London zijichagulie njia na nauli. Njia zenye faida zilipata magari mengi. Zile zisizo na faida lakini zinazohitajika na jamii, halmashauri ziliruhusiwa kuzinunua kwa zabuni, yaani kumlipa mwenye basi ili apite. London haikufuata utaratibu huo. Mamlaka ya jiji iliendelea kupanga njia na nauli, ikazipa kampuni binafsi mkataba wa kuendesha. Baada ya karibu miaka 40, eneo la Manchester nalo limerudi kwenye mtindo wa namna hiyo, kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2025. Madereva bado ni wa kampuni binafsi, ila nauli inaingia kwa mamlaka, na hasara ni ya mamlaka.

Huo ni ukabidhi wa kazi bila kukabidhi hasara. Unahitaji Serikali yenye fedha na inayolipa kwa wakati, jambo ambalo si dogo kwa halmashauri zetu. Lakini hata penye fedha kidogo kanuni yake inaweza kutumika.

Zoezi: boti ya kisiwani

Tuchukue mfano wa kubuni. Kata ya kisiwani inataka boti ya uhakika mara mbili kwa wiki, siku zinazojulikana, iwe kuna samaki au hakuna. Safari moja ya kwenda na kurudi inagharimu petroli shilingi 130,000, nahodha na msaidizi 30,000, akiba ya matengenezo na maboya ya kuokolea 20,000. Jumla ni 180,000. Abiria kwa kawaida ni 20 kwa nauli ya 5,000, yaani 100,000. Pengo ni shilingi 80,000 kwa safari, 160,000 kwa wiki, na 8,320,000 kwa mwaka.

Sasa halmashauri inaweza kutangaza zabuni ikiuliza jambo moja: nani ataziba pengo hili kwa fedha kidogo zaidi, kwa ratiba hii na kwa nauli hii? Mmoja atasema 80,000. Mwingine atasema 65,000, kwa sababu ana mzigo wa dagaa wakati wa kurudi. Hapo ushindani umeleta faida ya kweli. Akitokea wa kusema 30,000, kamati iwe na wasiwasi. Huenda anakusudia kupakia abiria 40, au kutokwenda siku ya upepo na kudai amekwenda.

Malipo nayo yana mitego. Ukimlipa kwa kila abiria, unamfundisha kupakia, na tumekwisha kuona ziwa linavyolipiza. Ukimlipa kwa kila safari bila kuangalia, ataondoka alfajiri kabla watu hawajafika. Afadhali alipwe kwa safari iliyofanyika kwa saa iliyopangwa, idadi ya juu ya abiria iandikwe ubavuni mwa boti, na mtu wa kijiji, si wa mwenye boti, aweke sahihi kwenye daftari kila safari. Kazi hiyo ya daftari kamati ya kigango inaweza kuifanya bila gharama kubwa. Kuendesha boti yenyewe tusingewashauri, hata kama mtaombwa kwa maneno mazuri, iwapo anayeomba hajaonyesha shilingi 8,320,000 ziko katika kasma gani ya bajeti.

Kwa vikao vya kamati

Kamati zichague huduma moja katika eneo lao iliyokabidhiwa au inayotazamiwa kukabidhiwa: zahanati, mradi wa maji, kivuko, gari la wanafunzi. Wajumbe watafute mkataba na kuusoma pamoja. Kama haupo kwa maandishi, hilo liandikwe. Wapige hesabu ya pengo kama tulivyofanya hapo juu, kwa bei za kwao, kisha wataje kwa majina mfuko uliolibeba pengo hilo katika miezi kumi na miwili iliyopita: wa halmashauri, wa Kanisa, wa wafadhili, wa watumishi au wa wahudumiwa. Mheshimiwa Diwani na Mtendaji wa Kata waalikwe siku ya kusoma majibu, maana kuna mambo ya bajeti wanayoyajua wao, na kuna mengine watayasikia kwa mara ya kwanza.

Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai, na maoni ya wananchi hupitia mikutano ya vijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kamati inayotaka pengo lake liingie katika makisio ya mwaka ujao ipeleke hesabu yake mapema, kabla ya Krismasi, ikiwa na sahihi za wajumbe. Nakala ya hesabu hizo iletwe ofisini kwetu pamoja na taarifa ya robo mwaka.